Kwa Nini Ndege ya Karani Ilianguka

Ndege ilianguka Jumapili, muda mfupi baada ya adhuhuri, na kufika Jumatatu asubuhi tulikwisha kuwa na sababu nne za kuanguka kwake. Mjomba wangu alisema ni betri. Karani alisema ni mawimbi ya rimoti. Mimi nilisema ni upepo. Na watu wa sokoni, ambao hawakuwapo, walisema karani hajui kurusha.

Nianze na karani mwenyewe. Alikuja hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka Inhambane, kusini kabisa, serikali imemleta kwenye ofisi ya usajili. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia upya vyeti vya kuzaliwa watu waliorudi mjini baada ya miaka ya kukimbia mashambulizi, ambao karatasi zao zilibaki kwenye nyumba zilizoungua. Mtu anakaa mbele yake, anataja jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, kisha analeta mashahidi wawili. Hivyo hivyo kutwa nzima. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, mwembamba, shati limechomekwa hata siku ya mapumziko. Kiswahili chake alikiokota kwenye meza ile ile ya ofisi, kwa hiyo maneno ya ukoo, ya kuzaliwa na ya kufa aliyajua vizuri sana, lakini kumwagiza muuza samaki hakuweza.

Alipanga chumba cha uani kwa mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye ni fundi wa mashine za boti. Mimi nakaa nyumba ya mbele, ua tunatumia mmoja. Mume wangu anafanya kazi Palma, huja mwisho wa mwezi. Nina meza yangu ya kutengeneza simu sokoni. Kazi hiyo nilijifunza Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, tulipokuwa tumekimbilia huko, na siku ya kurudi nilirudi na pasi ya kulehemu na mita ya kupimia umeme, nimezifungia ndani ya nguo za watoto.

Karani alikaa nasi karibu miezi miwili kabla ya kulivuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na ndege. Si ya kupambia meza. Ilikuwa ndege ya kuruka kweli, ya kuendeshwa kwa rimoti, imetengenezwa kwa povu gumu jeupe kama lile la masanduku ya kubebea samaki wa barafu. Urefu wake ulizidi mkono wangu nikiunyoosha. Haikuwa na panga la kuzunguka mbele. Tumboni mwake mlipita bomba, na ndani ya bomba feni ndogo iliyovuta hewa kwa mbele na kuitupa kwa nyuma, kama jeti za vita. Safari ya basi ilikuwa imeivunja. Upande mmoja wa mkia ulikuwa umeng'oka, na waya wa antena ndani ya rimoti ulikuwa umekatika.

"Mana," aliniambia, kwa namna wanavyomwita dada huko kwao, "unaweza?"

Mimi kitu kilichovunjika sikipiti. Nililehemu waya wa antena jioni ile ile. Mjomba naye hakukubali kuachwa nyuma. Alijitolea kuchaji betri kwa sola yake, kisha, karani alipolalamika kwamba ndege ikiwa mbali hajui upande upi ni upi, mjomba alileta rangi ya boti akapaka mkia, upande wa kushoto mwekundu na wa kulia kijani. Rangi ilipokauka, karani akaunganisha ule upande uliong'oka kwa gundi niliyompa mimi kutoka mezani kwangu. Kwa hiyo ndege ilikuwa yake, lakini kila mmoja wetu alikuwa na mkono wake ndani.

Katika mji wetu huwezi kurusha kitu angani kwa sababu tu umejisikia kufurahi. Watu hapa walijifunza kusikiliza juu. Pikipiki ikipiga mlio usio wa kawaida, utaona shingo zinageuka. Karani alilijua hilo kuliko sisi, maana kila siku alikuwa akiwasikiliza waliokimbia. Aliandika barua, akaenda kwa katibu wa bairro, yaani mtaa, akaenda kwa askari wa kizuizi cha barabarani, akarudi na mhuri. Ruhusa ilikuwa Jumapili tu, mchana, kwenye uwanja wa zamani wa mpira karibu na mashamba ya mihogo. Katibu alipita nyumba kwa nyumba. Siku ya Ijumaa ilitangazwa msikitini. Ndege ilipopaa mara ya kwanza, askari wawili walikuja kutazama na bunduki zao, na mmoja akaomba apigwe picha ameishika ndege.

Iliruka mara tatu, Jumapili tatu, bila matata. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Mlio wake ulikuwa mkali, kama filimbi iliyopulizwa bila kukatisha pumzi, na kwa dakika chache nilitazama juu bila kutafuta mahali pa kujificha. Mjomba alikuwa akikimbia pembeni ya uwanja na umri wake ule, anapiga kelele, "Ipindishe! Ipindishe sasa!" kana kwamba ni yeye aliyeshika rimoti.

Jumapili ya nne, mjomba akasema, "Ipitishe chini, kwa kasi, tuione vizuri." Karani akaipeleka mbali juu ya mihogo, akaigeuza, akaishusha. Ilikuja kama jiwe la kombeo. Ilipotupita akaivuta juu, ikapanda, ikarudi tena kuelekea mashambani, halafu ghafla ikajigeuza mgongo chini tumbo juu na kuzama nyuma ya mihogo. Tulisikia kishindo. Baada ya kishindo tukasikia mtu analia.

Tulimkuta amekaa kati ya matuta mawili, mkono wa kulia ameupakata mapajani, kanga imejaa udongo. Alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa njia, mama wa makamo anayeuza vitumbua kila asubuhi pale kona, ambaye mimi humwita mama ingawa hatuna udugu. Mwezi mzima alikuwa kijijini Quiterajo kuangalia shamba la kwao. Alirudi Jumamosi. Tangazo halikumfikia. Aliposikia ule mlio unashuka juu yake alikimbia, akajikwaa kwenye tuta, akaangukia kiganja. Ndege ilianguka hatua chache kutoka alipokuwa.

Alinitazama usoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wako wangapi?"

"Hakuna mtu, mama. Hakuna. Ni mchezo. Ndege ya mchezo."

Sijawahi kuona aibu kwa neno kama nilivyoona kwa neno lile, mchezo.

Hospitalini walisema mfupa wa kifundo cha mkono umepata ufa, wakamfunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Kesho yake jioni karani alikwenda kumwomba radhi, amevaa shati la kazini, ameshika kilo za sukari na mchele. Mimi na mjomba tulimfuata. Mama alipokea, akashukuru, akatuonyesha mkeka tukae.

"Sukari nimeiona," alisema. "Sasa niambieni. Kile kitu kilianguka kwa nini?"

Karani akaanza kumweleza habari za mawimbi, kwamba rimoti huongea na ndege kwa redio, na redio inaweza kukatika. Mjomba akamkatisha, "Si mawimbi, ni betri, iliisha nguvu." Mimi nikasema upepo wa juu siku ile ulikuwa umegeuka. Tukawa tunasema watatu kwa pamoja, mbele ya mtu mwenye plasta.

Mama aliinua mkono mzima. "Nendeni mkakubaliane kwanza. Mkikubaliana, njooni mniambie jambo moja. Moja tu. Nataka nipate usingizi."

Hapo ndipo tabu yetu ilipoanza.

Tulitandika mkeka uani tukapanga mabaki juu yake. Pua ilikuwa imesagika, bawa moja limevunjika mara tatu, mkia umebaki na upande wa kulia tu. Watu walikuwa wamejaa pale shambani kabla hatujaanza kuokota, na watoto walikwisha kuchukua vipande vya povu vya kuchezea, kwa hiyo hatukushangaa kuona vingine havipo. Karani alifungua daftari akaandika taarifa kwa Kireno, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini: mahali, hali ya hewa, waliokuwepo. Kwenye waliokuwepo akaandika majina yetu watatu, akapiga mstari chini.

Siku za kwanza tulibishana kwa heshima. Mjomba alisema betri ni ya zamani, ilikuwa imevimba ubavuni tangu mwanzo. Karani akasema betri haikuwa imevimba, imevimba baada ya kuchajiwa kwa sola isiyo na kipimo. Mjomba akasema, "Mimi nachaji betri tangu wewe huko kwenu hujajua kunyoa ndevu." Niliipima kwa mita. Bado ilikuwa na umeme wa kutosha. Mjomba akasema umeme wa mezani si umeme wa angani, betri ikibanwa inazima, yeye ameona mashine za boti ngapi zinazofanya hivyo.

Nikageukia mawimbi, maana hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Karani hakusema wazi, lakini kila aliposema mawimbi, macho yake yalikuwa yakienda kwenye rimoti, na ndani ya rimoti mlikuwa na lehemu yangu. Siku moja nilichomeka kipokezi cha ndege kwenye betri nyingine, nikamwambia mjomba akae uani atazame lile bawa zima linavyotikisika, na mimi nikashika njia na rimoti mkononi, nabonyeza, natembea. Mradi bawa linatikisika, mjomba atapiga mluzi, na watu njiani watapokezana kuniambia. Nilifika mbali, kila mara mluzi unafika. Nilifika mpaka kizuizini.

"Hicho nini?" askari mmoja aliniuliza. Alikuwa mgeni, hakuwepo zile Jumapili nyingine.

"Rimoti."

"Ya nini?"

"Inatikisa bawa."

"Bawa liko wapi?"

"Nyumbani."

Hakucheka. Alinikalisha kwenye kigogo, rimoti akaiweka mbali na mimi, na nikakaa pale jua linanipiga mpaka mkubwa wake alipokuja, akakumbuka barua ya karani na kuniachia. Nilirudi nyumbani. Mjomba bado alikuwa amekaa anatazama bawa. "Mbona uliacha?" akaniuliza. "Lilikuwa linafanya kazi vizuri."

Nikamwambia karani kwamba lehemu yangu ni nzima, nimeijaribu mpaka kizuizini.

"Uliijaribu ukitembea polepole, mana," alisema kwa upole. "Siku ile ndege ilikuwa juu, na mimi rimoti naigeuza huku na huku kuifuata. Waya uliolehemiwa unaweza kushika rimoti ikitulia na kuachia ikitikiswa."

"Basi sema. Sema ni mimi."

"Sijasema ni wewe."

"Umesema waya uliolehemiwa. Umelehemiwa na nani?"

Jioni ile hakuja kula. Kawaida tulikuwa tukila pamoja uani, mjomba, karani na mimi na wanangu. Sahani yake niliifunika ikapoa. Kesho yake mjomba naye alikula chumbani kwake, kwa sababu karani alikuwa amemwambia kwamba mtu aliyeomba ndege ipitishwe chini kwa kasi ndiye aliyeitia kwenye hatari. Ua ule mdogo ukawa na milango mitatu iliyofungwa.

Siku hizo sikuweza kutulia. Mezani sokoni nilifungua simu ambayo kumbe tatizo lake lilikuwa vumbi kwenye tundu la chaja tu, nikapoteza skrubu zake mbili, nikazitafuta kwa magoti chini ya meza huku mwenye simu ananitazama. Nikiwa nawapikia watoto, nilikuwa narudia mkononi ile ndege inavyogeuka, kiganja juu, kiganja chini, mpaka binti yangu akaniuliza nafanya nini. Upepo wangu sikuuamini tena. Niliutaja siku ya kwanza kwa sababu upepo haukai na mtu uani, haukasiriki. Zile sababu nyingine zote zilikuwa na mwenyewe.

Mama, kwa upande wake, hakuwa amepona hofu. Nilimwona mwenyewe. Gari la mizigo likipita anatoka mlangoni, anasimama mpaka lipotee, ndipo anarudi ndani. Vitumbua hakuweza kupika kwa mkono mmoja, wa kushoto, na wateja wake walikuwa wakija kona wanakuta hakuna kitu. Kwa hiyo kila alfajiri baada ya swala nilikuwa nakwenda kwake kupika kwa mikono yangu, yeye amekaa kigodani ananiongoza. Nilikuwa navunja vingi. "Usikiguse kabla hakijashika," alikuwa akisema. "Una haraka ya kwenda wapi?"

Asubuhi moja, siku ya kumi au kumi na moja, nilikuwa nageuza vitumbua huku nabishana peke yangu kwa sauti. Nilikuwa nasema kama ni betri, feni ingenyamaza kwanza.

"Haikunyamaza," mama alisema.

Niligeuka. "Nini haikunyamaza?"

"Kile kitu. Kililia mpaka kikafika chini. Kililia hata kilipokuwa kimelala mgongo. Ndiyo maana nilikimbia, mlio ulikuwa unakuja, haukatiki."

Nilishika kijiko hewani. Sisi tulikuwa mbali uwanjani, na mjomba alikuwa anapiga kelele. Hakuna aliyekuwa na hakika na mlio. Na karani alikuwa amekwisha kunieleza mwenyewe kwamba ndege ile ikipoteza mawimbi, inaizima feni yenyewe, imepangwa hivyo kiwandani. Basi kama feni ililia mpaka chini, si betri, na si mawimbi.

"Mama, una hakika?"

"Mimi nilikuwa chini yake, mwanangu. Nyinyi mlikuwa wapi?" Alijiweka sawa kigodani. "Na kile kingine je, kilikuwa nini?"

"Kingine kipi?"

"Kile chekundu. Kilitoka kwanza. Kikubwa kilipokuwa kinapanda, chekundu kikachomoka, kikawa kinashuka polepole, kinajipindapinda. Kikubwa ndiyo kikageuka. Chekundu kiliangukia kule penye mchaichai, mwisho wa shamba."

"Kiko wapi sasa?"

"Kiko huko huko. Mimi nikakishike?"

"Mbona hukutuambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani aliniuliza?"

Vitumbua vya mzunguko ule viliungua vyote.

Baada ya alasiri tulikwenda shambani wote wanne. Mjomba na karani walikuwa hawasemeshani, wakatembea mmoja upande huu wa njia, mwingine upande ule. Mama alitangulia, mkono wake umening'inizwa kwa kanga shingoni. Alipofika karibu na mahali alipoanguka alipunguza mwendo, akavuta pumzi, akapita. Mwisho wa shamba, penye mchaichai, akaonyesha kwa kidevu.

Kilikuwa pale, kimelala juu ya majani, upande wa kushoto wa mkia, mzima kabisa, mwekundu. Sisimizi walikuwa wanapita juu yake.

Karani alikiokota akakigeuza. Ule ukingo uliokuwa umeunganishwa na mwili ulikuwa mweupe, povu tupu, hauna rangi hata kidogo. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akachuchumaa, akatoa mkobani lile shina la mkia tulilokuwa nalo nyumbani, akaviweka pamoja. Kwenye shina kulikuwa na mstari wa gundi, na juu ya gundi utando mwekundu. Tulikuwa tumeuona utando ule siku zote pale kwenye mkeka. Tulidhani ni rangi tu, kama rangi nyingine zote za mkia.

"Gundi imeshika," karani alisema. "Imeshika rangi. Rangi ndiyo haikushika povu."

Mjomba, alipokuwa anapaka, hakubagua. Alipaka kipande chote mpaka ukingoni, pale pa kuunganishia. Gundi ikapakwa juu ya rangi ile. Mara tatu ilivumilia. Mara ya nne, kwa kasi ile, rangi ikabanduka kama ngozi na mkia ukaondoka.

"Rangi ni yangu," mjomba alisema. Alisema haraka, kama mtu anayelipokea jambo kabla halijamwangukia.

"Gundi niliipaka mimi," karani akajibu. "Nilipaswa kukwangua ukingo kwanza. Kosa ni langu."

"Hapana, mwenye rangi ndiye."

"Mjomba, niache."

Walikuwa wamesimama pale wanagombania kosa, na nyuso zao zimelegea kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Mimi nilirudi nyuma yao hatua moja. Kwa sababu nilikumbuka. Nilikumbuka siku ya gundi, karani amekaa kwenye ngazi za uani, msasa mkononi, ameniuliza: "Mana, nisugue rangi kwanza?" Nilikuwa na haraka, mteja ananisubiri. Nikamwambia, "Gundi hii inashika chochote. Paka tu." Na yeye akauweka msasa chini.

Nilichukua kile kipande nikakifunga kwenye kanga yangu.

"Basi?" mama aliuliza. "Mmekubaliana?"

Karani alisimama mbele yake, akavua kofia. Kwa Kiswahili chake kile cha vyeti alimwambia, "Mama, mkia haukuwa umeungana na mwili. Tuliuunganisha vibaya sisi wenyewe. Ilipokwenda kwa nguvu, ukatoka. Hakuna mtu aliyeiangusha. Haikukulenga."

"Haikutumwa," mama alisema.

"Haikutumwa na mtu."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayelipima. "Na mliniacha siku zote hizi mnabishana."

"Kila siku ninawaambia watu walete mashahidi," karani alisema. Masikio yake yalikuwa yamewiva. "Kila siku. Na mimi mwenyewe shahidi sikumtafuta."

Mama hakumwambia kwamba si kitu. Alisema tu kwamba jua linazama na yeye ana mchele wa kuroweka.

Mimi ndiye niliyebaki na siri ya msasa. Nilitegemea kwamba tukishapata sababu nitatulia, lakini nilizidi kuhangaika. Siku tatu nilipita mbele ya mlango wa karani na maneno mdomoni, nikaishia kumuuliza kama ana maji ya kunywa. Siku ya nne sikwenda sokoni. Nilikwenda ofisi ya usajili, nikakaa kwenye benchi na watu wengine, kina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye mashahidi wao. Zamu yangu ilipofika nikakaa kwenye kile kiti.

Karani alikwisha kuvuta fomu mpya kwa mazoea. Akainua macho akaniona.

"Mana? Umepoteza karatasi?"

"Nimekuja kusema jambo." Nikamwambia lote, ngazi, msasa, mteja aliyekuwa akinisubiri, na yale maneno yangu kama nilivyoyasema.

Alinisikiliza na kalamu mkononi. Halafu akasema, "Sikumbuki."

"Uliniuliza. Ulikuwa umeshika msasa. Mimi ndiye niliyekwambia uuache."

"Labda. Sikumbuki." Alitazama nyuma yangu, kwenye benchi. "Mana, kuna watu wametoka Quiterajo kwa miguu."

Nikainuka. Mpaka leo sijui kama kweli hakumbuki, au alikumbuka tangu pale shambani na akaamua kunisitiri, na hilo la pili linanisumbua zaidi. Nilikwenda pale nikitaka anikasirikie. Mjomba nilipomwambia, yeye alikasirika vizuri sana. Lakini alikasirika kwa sababu nilimwacha siku kumi atetee betri mbele za watu, kana kwamba nilijua tangu mwanzo. Na hata hivyo bado anasema betri ilikuwa dhaifu.

Plasta ilitolewa baada ya wiki kadhaa. Mkono umepona ila haukunjiki mpaka mwisho, na asubuhi za mvua mama anageuza vitumbua kwa kushoto, kazi ambayo sasa anaiweza kuliko mimi kwa kulia. Karani aliijenga ndege upya kwa povu la sanduku la samaki. Kila kiungo alikisugua mwenyewe kwa msasa, sikumwona akiuliza mtu. Kabla ya kuirusha, mama alimpa sharti moja, kwamba tangazo la katibu na la msikitini halimtoshi, aje mwenyewe mlangoni kwake siku hiyo hiyo na kumwambia saa. Karani akaja. Mama akawaambia kina mama wa mtaa wote, na badala ya kujifungia wakaja naye uwanjani, wakasimama kwenye mstari pembeni, kama wanawake wanaosubiri maji.

Ndege ilipopaa sikuweza kuitazama. Niligeuka nikawatazama wao. Mlio ulipopita juu, yule wa karibu yangu alishika miguu ya mtoto aliyembeba mgongoni, akaibana. Mwingine alivua kandambili akazishika mkononi, tayari. Mama alikuwa ameinua uso, midomo imefumbwa, macho yanaifuata ndege kutoka huku mpaka kule bila kupepesa. Hakuna aliyekimbia. Hakuna pia aliyekaa chini, ingawa magogo ya kukalia yalikuwepo.

Iliruka dakika chache, ikashuka, ikateleza kwenye majani, ikasimama. Yule mwanamke akavaa kandambili zake. Mama akauliza kama imekwisha, karani akasema imekwisha, na wakaondoka wote kwa pamoja, wanaongea habari nyingine.